Sentimita Sita za Mfupa: Mwaka wa Kuuguza Mguu Nyumbani



Ndugu wasomaji, wengi wameniuliza, hasa akina mama wenye vijana wa pikipiki, ilikuwaje mguu wa mdogo wangu ukapona bila kukatwa, na wao wakifikwa na mtihani kama huo wafanye nini. Nimewajibu mmoja mmoja msikitini, sokoni na kwenye simu. Nimeona niandike yote mahali pamoja ili familia isome ikiwa imetulia, maana siku ya ajali hakuna mwenye moyo wa kusoma.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani hapa Nyakiriba, wilaya ya Rubavu. Wengi wakisikia Nyakiriba hufikiria gereza tu, lakini sisi wenyeji ni watu wa viazi, karoti na vitunguu, na vijana wetu wengi wanaishi kwa moto, yaani pikipiki za abiria, katika barabara ya Musanze kwenda Gisenyi. Ninayoyaeleza hapa ni yale tuliyoambiwa na madaktari, niliyoyasoma baadaye, na niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe kwa muda wa karibu mwaka mzima.

MFUPA UKIVUNJIKA NA MFUPA UKIPUNGUA

Ajali ilitokea Septemba 2022. Mvua ilikuwa imenyesha, lori likamgonga kwenye mteremko, na mguu wake wa kulia ukabanwa kati ya pikipiki na ukingo wa barabara. Mfupa wa muundi ulivunjika vipande vipande ukatokeza nje ya ngozi.

Shika muundi wako sasa hivi, ndugu msomaji, utaelewa kwa nini mguu huumia vibaya hapo. Upande wa mbele hakuna nyama. Ni ngozi, kisha mfupa. Ukivunjika kwa nguvu, ngozi hupasuka, uchafu wa barabarani huingia, na damu inayofika pale kuulisha mfupa ni kidogo. Ndiyo maana paja likivunjika huunga upesi zaidi, lakini muundi uliotoka nje unaweza kuisumbua familia miaka.

Madaktari walimsafisha jeraha mara kadhaa, wakamfunga vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, na wakahamisha kipande cha nyama kutoka shavu la mguu kuja kufunika mbele. Nyama ilishika vizuri, alhamdulillah. Mfupa ndio haukushika. Baadhi ya vipande vilikuwa vimekufa, na mfupa uliokufa ni nyumba ya vijidudu. Dawa haiufikii kwa sababu damu haiufikii. Usaha ukawa unatoka, unakauka, unatoka tena. Januari 2023 tuliambiwa kuwa lazima mfupa wote uliokufa uondolewe, na ukiondolewa utabaki mwanya wa sentimita sita.

Nilirudi nyumbani nikachukua tepu yangu ya cherehani nikapima. Sentimita sita ni urefu wa kidole changu cha mwisho. Kwenye kitambaa ni upana wa pindo tu. Kwenye mguu wa mtu ni kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo wengi wetu hatuelewi. Tumezoea kusikia kwamba mfupa huunga wenyewe, na ni kweli, Mwenyezi Mungu ameuumba hivyo. Ncha mbili zikikutana na kutulia, mfupa mpya hujengeka katikati. Lakini ncha zikiwa mbali, mwili huujaza mwanya huo kwa nyama ngumu ya kovu, na kovu haliwezi kubeba mtu. Unaweza kumfunga plasta miaka mitano, mguu utabaki unapinda kama bawaba.

Bibi yetu alitaka tumpeleke kwa mwunzi. Kwa Kinyarwanda kunga ni kuunganisha mfupa, na ni kupatanisha watu pia. Ndiyo maana wapatanishi wa kijiji nao huitwa abunzi. Sikubishana na bibi kwa ukali, maana wapo waunzi waliosaidia watu wengi kijijini. Nilimwambia, "Bibi, mwunzi anapatanisha wawili waliopo. Hapa mmoja ameondoka." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo aliyeondoka atarudishwaje?" Ndilo swali nililolipeleka kwa daktari.

NJIA TULIZOELEZWA

Daktari wa mifupa huko Kigali alichukua karatasi akatuchorea. Nitajitahidi kueleza kama alivyoeleza yeye, kwa lugha yetu.

Njia ya kwanza ni kupandikiza. Mfupa laini huchukuliwa kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kujazwa kwenye mwanya. Kwa mwanya mdogo hufaa. Kwa mwanya mkubwa, mfupa huo peke yake mara nyingi huyeyuka na kuliwa na mwili kabla haujashika. Mfaransa mmoja, Dkt. Alain-Charles Masquelet, katika miaka ya 1980 aligundua namna ya kuusaidia. Kwanza mwanya hujazwa saruji ya kitabibu, ile ile inayotumika kushikilia nyonga za bandia. Mwili huifunika saruji hiyo kwa ngozi nyembamba yenye damu nyingi. Baada ya wiki sita hadi nane daktari hufungua, hutoa saruji, na huweka mfupa wa nyonga ndani ya mfuko huo. Mfuko huushika mfupa na kuulisha.

Njia ya pili ni kuazima mfupa mwembamba ulio pembeni mwa muundi. Watu huweza kutembea bila sehemu yake kubwa. Dkt. Huntington wa Marekani aliandika tangu 1905 jinsi alivyousogeza mfupa huo ukachukua nafasi ya muundi uliopotea. Tangu miaka ya 1970 madaktari wameweza hata kuutoa mguu wa pili pamoja na mishipa yake ya damu na kuishona mishipa hiyo kwa darubini. Hiyo huhitaji mabingwa, vifaa na saa nyingi za upasuaji.

Njia ya tatu ni kuusafirisha mfupa. Daktari hufunga pete za chuma kuuzunguka mguu, zikishikwa na nyaya na pini zinazopita ndani ya mfupa. Kisha hukata mfupa mzima mahali penye afya, mbali na jeraha, bila kuharibu ngozi yake ya nje. Husubiri kama wiki moja. Halafu kipande kilichokatwa husogezwa polepole kuelekea kwenye mwanya, milimita moja kwa siku. Kule kinakotoka, mfupa mpya huota nyuma yake. Kule kinakokwenda, mwanya hupungua mpaka kinafika upande wa pili na kuunga.

Njia ya nne alituambia bila kuificha: kukata mguu chini ya goti na kuvaa mguu wa bandia.

Kwa mdogo wangu, kwa kuwa kulikuwa na usaha wa miezi mingi na mwanya ni mrefu, alipendekeza ya tatu au ya nne.

ALIYEGUNDUA NJIA HII

Nilipopata nafasi nilisoma habari za aliyeianzisha. Ni Dkt. Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi Kurgan, mji wa Siberia, Urusi, mbali na hospitali kubwa za Moscow. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na wagonjwa wengi waliojeruhiwa vitani ambao mifupa yao haikuunga, na vifaa vilikuwa haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibuni pete na nyaya zake. Kwa miaka mingi wakubwa wa Moscow hawakumtilia maanani.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya pikipiki. Valeriy Brumel alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, Tokyo 1964. Mwaka 1965 aliumia mguu vibaya katika ajali ya pikipiki, akapasuliwa mara nyingi bila kupona. Mwaka 1968 alikwenda Kurgan, Ilizarov akamtibu, na akaweza kuruka tena. Nchi za Magharibi zilijua baadaye zaidi, pale mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alipokwenda Kurgan mwaka 1980 na mguu wake mbovu wa miaka mingi na kurudi kwao akiwa anatembea vizuri. Madaktari wa Italia wakamwalika Ilizarov mwaka uliofuata.

Nilimsomea mdogo wangu habari ya Brumel akiwa kitandani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, akasema, "Dada, kumbe na Warusi wanaanguka na moto."

KUKATA AU KUOKOA

Sitaki mtu asome hapa akadhani kuokoa mguu ndiyo heshima na kukata ni kushindwa. Nawaomba sana, wazazi wenzangu, tuliondoe wazo hilo.

Kwenye wodi alikuwapo mama mmoja, mkulima, aliyegongwa na gari. Alipewa chaguo kama letu. Alisema ana watoto wadogo watatu na hana mtu wa kukaa naye, na hawezi kuwa na vyuma mwaka mzima. Alichagua kukatwa. Nduguze walilia, yeye hakulia. Baada ya miezi michache alikuwa anatembea kwa mguu wa bandia, na amerudi shambani, wakati mdogo wangu bado yumo kwenye magongo. Uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa maisha yake.

Nchini kwetu kazi ya miguu ya bandia na magongo si ngeni. Kituo cha Gatagara kilianzishwa na Padri Joseph Fraipont mwaka 1960, na Wanyarwanda wengi wa kila dini wametembea kwa sababu yake.

Kwetu baba alitaka mguu uokolewe kwa gharama yoyote. Mama alitaka mtoto aache kuumia, basi. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 24, alikuwa kimya. Daktari ndiye aliyetusaidia kwa maneno ambayo sijayasahau. Alisema upasuaji ataufanya yeye kwa saa chache, lakini mfupa utarefushwa nyumbani, na kwa hiyo anataka kujua ni nani nyumbani atakayeirefusha kazi hiyo pamoja naye hadi mwisho. Akatupigia hesabu: sentimita sita ni milimita 60, basi siku 60 za kusogeza. Baada ya hapo mfupa mpya ni laini kama gegedu na unahitaji miezi mingine mingi kukomaa, vyuma vikiwa bado vimo. Kwa kawaida, alisema, kila sentimita moja humgharimu mgonjwa mwezi mmoja hadi miwili ndani ya vyuma. Kwa sentimita sita tujiandae kwa miezi tisa hadi kumi na miwili.

Baba aliuliza, "Na tukichoka katikati?" Daktari akajibu, "Ndiyo maana nauliza leo."

Tulikaa kikao cha familia, tukagawana. Mimi spana na vidonda. Mama chakula. Baba nauli na safari za kliniki. Shemeji yangu kumwogesha. Kisha tukamwuliza mwenyewe, na yeye akasema anataka kujaribu. Kwa maoni yangu siku hiyo, mbele ya sinia ya viazi, ndiyo mguu ulipoanza kuokolewa.

SPANA NAMBA KUMI

Alipasuliwa Machi 8, 2023. Tulianza kusogeza Machi 15. Kifaa chenyewe ni spana ya namba 10, kama ile ya mafundi wa baiskeli. Kila mara unazungusha nati robo ya mzunguko, na robo nne kwa siku ni milimita moja. Ukizidisha, mfupa mpya hauoti katikati na mishipa ya fahamu huvutwa. Ukipunguza au ukisahau, mfupa huunga kabla ya wakati na lazima arudi kukatwa tena.

Tuliipanga ratiba kwa adhana ili tusisahau. Mara ya kwanza baada ya Alfajiri, ya pili baada ya Adhuhuri, ya tatu baada ya Magharibi. Isha iko karibu mno na Magharibi, kwa hiyo ya nne tuliisogeza hadi saa tano usiku. Niliandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja: tarehe, saa, robo, sahihi yangu. Ukurasa wa kushoto vipimo vya gauni, ukurasa wa kulia vipimo vya mguu.

Wiki moja baadaye ukaingia Ramadhani. Mdogo wangu alitaka kufunga. Imamu wetu alimkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na daktari alisema mfupa unajengwa kwa chakula. Basi alikula, na mama akampikia maharage, mayai, mboga za majani, maziwa, na sambaza wa Ziwa Kivu wanaoliwa mzima na miba yao. Sigara, ambayo alikuwa akivuta kwa siri na sisi sote tukijua, alikatazwa kabisa. Sigara hubana mishipa midogo ya damu na huchelewesha mfupa kuunga. Hilo walilirudia kila kliniki.

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 yalikuja mafuriko ambayo watu wa Rubavu hatutayasahau. Mto Sebeya ulifurika, vilima vikaporomoka, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa zaidi ya watu 130. Allah awarehemu wote. Barabara zilikatika na siku ya kliniki ikapita. Tulikuwa siku ya 49 au 50 ya kusogeza. Niliwasha tochi ya simu saa tano usiku huku mvua ikipiga mabati, nikazungusha robo yangu, nikaandika. Siku zile nilielewa kwa nini daktari aliuliza habari za nyumbani kwetu kabla ya kuuliza habari za mguu.

MAMBO MADOGO AMBAYO NI MAKUBWA

Vidonda vya pini. Kila mahali chuma kinapoingia kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikasafisha kila pini kwa shashi safi na dawa tuliyopewa, kipande kimoja cha shashi kwa pini moja, nisirudie. Mara mbili pini zilivimba na kuwa nyekundu. Tulirudi hospitali siku hiyo hiyo, akapewa dawa, zikatulia.

Maumivu. Kusogeza kwenyewe hakuumi sana. Usiku ndio mgumu. Miguu ya kitanda, shuka, mtoto anayepita mbio, kila kitu hugonga vyuma. Kifundo cha mguu kisipofanyiwa mazoezi hukakamaa na vidole hutazama chini. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kuuvuta unyayo kwa kitambaa mara nyingi kwa siku. Kulikuwa na siku mdogo wangu alinifukuza chumbani. Nilitoka, nikarudi baada ya dakika kumi, tukafanya.

Nguo. Suruali haipiti juu ya pete. Kanzu inapita, na msuli unapita. Nilimshonea suruali mbili zenye upande uliofunguka hadi pajani. Tangu hapo nimewashonea vijana wengine wanne kutoka hospitali bila malipo.

Udhu na Swala. Wengi huuliza hili. Tuliulizia kwa imamu, akatueleza kuwa aoshe viungo vilivyo salama kama kawaida, na juu ya bandeji apake maji kwa mkono uliolowa. Mahali ambapo maji yatamdhuru asilazimishe, na ipo tayamamu. Akaswali amekaa, mguu umenyooshwa mbele juu ya mto. Kila familia iulize wanazuoni wake, lakini isiache kuuliza, kwa sababu mgonjwa asiyeswali kwa kudhani hawezi huvunjika moyo mara mbili.

Moyo. Kijana aliyekuwa analeta pesa nyumbani sasa analetewa uji. Rafiki zake wa moto walikuja wiki mbili za mwanzo, kisha wakapungua. Aliyebaki ni mzee mmoja jirani aliyekuja kila Jumamosi kucheza naye igisoro. Naamini mzee yule aliponya kitu ambacho spana haikukifikia.

Pesa. Mituweli ilibeba sehemu kubwa ya gharama za hospitali, na sisi asilimia 10. Lakini mituweli hailipi nauli ya Kigali, chakula cha umurwaza, yaani ndugu anayemkalia mgonjwa, wala mshahara unaopotea. Hayo ndiyo yanayowashinda watu, na ndipo jamaa wa msikiti walipotusaidia kwa michango midogo midogo ya kila mwezi. Walifanya jambo la hekima: hawakutoa zote siku ya kwanza, waliapa kuchangia mwaka mzima.

MATOKEO

Katikati ya Mei kipande kilifika upande wa pili. Mara nyingi pale panapokutana huhitaji kusafishwa na kuongezewa mfupa kidogo wa nyonga, na yeye alifanyiwa hivyo mwezi Juni. Kisha ikawa kusubiri. Kila eksirei tuliiweka dirishani. Mwanzo pale palipoota mfupa mpya hapakuonekana kitu, kisha wingu, kisha michirizi, na mwishowe ukingo mweupe pande zote. Vyuma vilitolewa Februari 2024, miezi kumi na moja tangu vifungwe.

Idd ya Aprili 2024 alikwenda uwanjani kwa fimbo moja na akaswali amesimama.

Niseme na yaliyobaki. Kifundo cha mguu hakikunjiki kama zamani. Anachechemea kidogo jioni akichoka. Ana makovu kama nyota kuzunguka muundi wote. Hakurudi kwenye moto, sasa anauza vipuri vya pikipiki. Mguu umeokoka, lakini si ule wa zamani, na ni haki familia ijue hivyo kabla ya kuanza.

SI SISI PEKE YETU

Ukanda wetu una majeraha haya kwa wingi, ya barabarani na ya risasi. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora na risasi zilivuka mpaka hadi Gisenyi, watu wakauawa na kujeruhiwa. Upande wa pili hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ilijaa majeruhi kupita uwezo wake. Risasi ikipiga muundi huusaga mfupa, na baadaye mgonjwa hukutana na mwanya ule ule. Goma hiyo hiyo ndiko ilipo HEAL Africa, iliyoanzishwa na Dkt. Jo Lusi, bingwa wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn. Na Dar es Salaam, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili imekuwa ikiwafundisha madaktari wa mifupa jinsi ya kuhamisha nyama kufunika mfupa ulio wazi, ujuzi ambao bila huo hakuna njia yoyote kati ya zile inayoweza kufanikiwa. Kwa hiyo ujuzi upo karibu nasi. Lililo haba ni mabingwa wa kutosha, na nyumba zilizojiandaa.

NASAHA KWA FAMILIA

1. Mfupa ukitokeza nje, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani, usipake majani wala mafuta. Hapa Rwanda piga 912. Dawa za kuzuia vijidudu zinatakiwa zianze mapema, ndani ya saa chache za mwanzo.

2. Jeraha la wazi si kazi ya mwunzi. Lipelekwe hospitali.

3. Usaha unaorudi rudi baada ya miezi si jambo la kuzoea. Omba kupelekwa kwa bingwa wa mifupa.

4. Daktari akitaja kuujenga mfupa upya, muulize: mwanya ni sentimita ngapi? Ni njia gani, na kwa nini hiyo? Miezi mingapi? Kliniki mara ngapi? Na kama tukichagua kukata, atatembea baada ya muda gani?

5. Kabla ya kukubali, kaeni kikao. Andikeni majina: nani vidonda, nani chakula, nani nauli, nani wa kukaa naye tu na kuzungumza. Nafasi moja ikibaki tupu, mwambieni daktari ukweli.

6. Mgonjwa mwenyewe aulizwe. Mguu ni wake.

7. Lipeni mituweli kwa wakati, wote nyumbani, na vijana wa moto kwanza.

Kama kuna familia inayoanza safari hii, mlango wangu uko wazi. Daftari bado ninalo, na spana ninaazimisha.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na awalipe kheri madaktari na wauguzi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.